Kitufe Kisichobadili Bei

Mchezo wa ndege unaelezeka kwa pumzi moja. Kindege kinaondoka kwenye kona ya kioo cha simu, namba inaanza kupanda kutoka 1.00, inapita 1.30, 1.80, 2.50, na wakati wowote kindege kinaweza kutoweka. Aliyeweka dau akabonyeza kitufe cha kutoa kabla ya hapo analipwa dau lake kuzidisha namba aliyoiwahi; aliyesubiri mno hapati hata senti. Hakuna karata za kukariri wala timu za kufuatilia. Aviator, ulio maarufu kuliko michezo mingine ya aina hii, ulitolewa mwaka 2019 na Spribe, kampuni ya Georgia, nchi ndogo ya milima ya Kaukazi, na leo unachezwa Nairobi, Mwanza na Kampala na watu ambao hawajawahi kukanyaga kasino wala hawaoni haja ya kuikanyaga. Kwa kuwa ulikuja kupitia simu, watu wameuzoea kama mtoto wa simu. Ukoo wake ni wa kale zaidi. Hesabu iliyo ndani yake ilijulikana kabla treni hazijaanza kuvutwa kwa mvuke. Kilicho kipya ni kazi aliyopewa mchezaji, na hata hiyo ina historia: kwa muda mrefu wenye meza wamekuwa wakimwongezea mchezaji mambo ya kufanya bila kumpunguzia bei anayolipa, na kila alipoongezewa kazi, hasara ilizidi kuonekana kuwa kosa lake mwenyewe.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayosahaulika upesi. Mwaka 1638 serikali ya Venice ilifungua Ridotto, nyumba ya kamari yenye idhini ya dola, na ndani yake kulikuwa na kanuni iliyosema mengi: walioruhusiwa kushika benki, yaani kukaa upande unaopendelewa na hesabu, ni watu wa koo za kifahari. Wengine wote walikaa upande wa pili wa meza. Ruleti, iliyokuja kukomaa Paris mwishoni mwa karne ya 18, iliondoa haja ya mwungwana huyo kwa kuiweka bei kwenye gurudumu lenyewe. Gurudumu la sifuri moja lina vyumba 37, lakini namba ikitoka mchezaji hulipwa 35 kwa moja, kana kwamba vyumba ni 36. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mshahara wa mwenye meza: shilingi 2.70 katika kila shilingi 100 zinazowekwa. Palipo na sifuri mbili bei hupanda hadi 5.26. Ndugu wawili Wafaransa, François na Louis Blanc, walipopeleka meza ya sifuri moja Bad Homburg mwaka 1843, walikuwa wamegundua jambo ambalo wafanyabiashara wa kamari hawajalisahau tangu hapo: bei ndogo humkalisha mteja muda mrefu, na mteja anayekaa hulipa zaidi kuliko anayekimbia. François alihamia Monte Carlo mwaka 1863, na huko akatajirika kwelikweli. Lakini tumpe haki yake. Sifuri yake ilikuwa na rangi ya kijani, ikaonekana na kila mtu mezani, na mchezaji hakuombwa kufanya lolote zaidi ya kuweka fedha na kungoja. Aliyefilisika Monte Carlo aliweza kulilaumu gurudumu.

Wakati wenye meza wakijifunza biashara, wanahisabati walikuwa wakijifunza swali lililo ndani ya kitufe cha kutoa, ingawa kitufe chenyewe hakikuwa kimebuniwa. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu fumbo alilolileta mcheza kamari mmoja, Chevalier de Méré: watu wawili wameweka fedha, mchezo umekatishwa kabla haujaisha, kila mmoja achukue kiasi gani? Jibu lao ndilo msingi wa hesabu yote ya bahati hadi leo. Usitazame yaliyopita, walisema. Yapime yanayoweza kutokea mbele, kila moja kwa uzito wa uwezekano wake, na hicho ndicho kiasi cha haki cha kuondoka nacho. Miaka 59 baadaye, 1713, Nicolas Bernoulli alimwandikia Pierre Rémond de Montmort fumbo jingine, na binamu yake Daniel akalichapisha St. Petersburg mwaka 1738. Rusha sarafu mpaka kichwa kitokee. Kikitokea mara ya kwanza unalipwa dukati 1, mara ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, na kuendelea hivyo. Kila hatua uwezekano unagawanyika kwa mbili huku zawadi ikizidishwa kwa mbili, kwa hiyo ukijumlisha thamani ya hatua zote, jumla haina mwisho. Hata hivyo, Daniel aliona, mtu yeyote mwenye busara angeiuza nafasi hiyo kwa dukati 20 tena kwa furaha.

Mchezo wa ndege ni sarafu hiyo iliyovutwa ikawa mstari. Aviator hutangaza kwamba hurudisha asilimia 97 ya madau, na katika umbo la kawaida la michezo hii maana yake ni moja: uwezekano wa kufika namba fulani ni 0.97 kugawa kwa namba hiyo. Kufika 2.00 ni mara 48.5 kati ya 100. Kufika 10 ni mara 9.7. Kufika 100 ni chini kidogo ya mara moja. Zidisha namba yoyote kwa uwezekano wake na utapata 97 kwa kila 100 uliyoweka, iwe umepanga kutoa mapema au umepanga kukaa hadi mawinguni. Fanya hesabu ya Pascal katikati ya safari na utaona jambo la ajabu zaidi. Kindege kikiwa kimefika 3.00, ukitoa unapata 3. Ukisubiri hadi 6.00, nafasi ya kufika huko ni nusu, na nusu ya 6 ni 3. Ukisubiri hadi 30, nafasi ni moja ya kumi, na moja ya kumi ya 30 ni 3. Hakuna sekunde iliyo bora kuliko nyingine. Zile shilingi 3 za mwenye mchezo zimekwisha kukatwa kabla hujagusa chochote, kwa kuwa takriban mizunguko 3 kati ya 100 huishia palepale kwenye 1.00, kindege hakijapaa wala kidole hakijashuka. Baada ya hapo kila kitu ni haki tupu. Mwenye mchezo anaweza kukukabidhi kitufe bila hofu, maana bei haiko kwenye kitufe.

Kwa nini basi kitufe kiwepo? Hapa historia ya mashine inajibu kuliko historia ya hesabu. Wachezaji wamejipa kazi wenyewe tangu zamani. James Henslin, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1967 utafiti juu ya madereva wa teksi wa St. Louis waliocheza kete: walizirusha taratibu walipotaka namba ndogo na kwa nguvu walipotaka namba kubwa, wakazinong'oneza, wakaziamuru. Monte Carlo mwenye meza aliwagawia wateja kadi za kuandikia namba zilizotoka, akijua fika kwamba gurudumu halina kumbukumbu. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913 nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na wateja wakazidi kurundika fedha kwenye nyekundu kwa imani kwamba zamu yake imefika. Mashine ya Charles Fey wa San Francisco, mwishoni mwa karne ya 19, ilimpa mchezaji mkono wa kuvuta. Mkono ule ulianzisha mzunguko, haukuamua mwisho wake, lakini mwili wa mtu haujui tofauti hiyo. Kisha mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza ya Marekani ya mashine ambayo magurudumu yanayoonekana kwenye kioo hayaamui chochote. Bahati huchaguliwa na namba ndani ya kompyuta, na picha za nje hupangwa kulingana nayo. Kuanzia hapo kile ambacho mchezaji anakitazama na kile kinachomlipa vilikuwa vitu viwili tofauti, na mbuni wa mchezo akawa huru kuchora chochote apendacho juu ya hesabu ileile. Gurudumu, tunda, kengele, ndege.

Wanasaikolojia walilifuata jambo hili kwa karibu. Ellen Langer, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza jaribio la tiketi za bahati nasibu za dola moja. Waliopewa tiketi bila kuchagua walikuwa tayari kuiuza kwa wastani wa dola 1.96, waliochagua wenyewe walitaka dola 8.67. Nafasi ya kushinda ilikuwa ileile. Mwaka 2005 Robert Ladouceur na Serge Sévigny wa Quebec waliipeleka hoja hiyo kwenye mashine za video zenye kitufe cha kusimamisha magurudumu, kitufe ambacho hakibadili matokeo. Wachezaji wengi waliamini kinabadili, na waliokuwa nacho walicheza michezo mingi zaidi kuliko wasiokuwa nacho. Ukisoma matokeo hayo ukiwa umeona mchezo wa ndege, unaweza kudhani wabunifu walianza na makala hiyo wakajenga juu yake. Sina haja ya kudai hivyo. Inatosha kwamba kile ambacho dereva wa St. Louis alijitengenezea mwenyewe kwa kunong'oneza kete, sasa kinatoka kiwandani tayari, kikubwa, chenye rangi, katikati ya kioo.

Safari ya mwisho kuelekea ndege ilipita mahali pasipotarajiwa, yaani kwa watu wasiomwamini mtu yeyote. Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ilianza kufanya kazi mwaka 2009, na watumiaji wake wa mwanzo walitaka kamari isiyohitaji kumwamini mwenye kasino. SatoshiDice, iliyokuja 2012, iliwapa njia ya kuhakiki kila dau baadaye. Mwaka 2014 ukazaliwa MoneyPot, baadaye ukaitwa bustabit, na huo ndio unaohesabiwa kuwa mchezo wa kwanza wa kuanguka: hakuna ndege bado, ni mstari tu unaopinda kwenda juu kama chati ya bei inayopanda, halafu unakatika. Bei yake ilikuwa asilimia 1. Kasi yake iliandikwa wazi kwenye programu, na kutokana nayo unapata kwamba mstari hufika 2.00 baada ya sekunde 11 na nusu hivi, na 10 baada ya sekunde 38. Uaminifu wake ulijengwa kwa mnyororo wa alama za siri. Kompyuta huchukua neno la siri, hulipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma, ikapata alama ndefu ya herufi na namba. Alama hiyo nayo hupitishwa tena, na tena, hadi milioni 10. Kisha michezo huchezwa kutoka mwisho wa mnyororo kurudi mwanzo. Kwa kuwa alama ya mwisho ilitangazwa hadharani siku ya kwanza, mwenye mchezo hawezi kubadili hata mzunguko mmoja bila mnyororo mzima kumsuta, na mchezaji naye hawezi kuona mbele kwa sababu hesabu haigeuki. Aviator ulichukua wazo hilohilo kwa njia nyingine: mbegu ya siri ya kampuni huchanganywa na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuingia kwenye mzunguko, na mchanganyiko huo ndio unaozaa namba.

Hapa ndipo mtetezi wa mchezo husimama, na hoja yake ina uzito. Pata potea ya stendi ya mabasi ni wizi: yule mwenye karata tatu anaificha ya ushindi kwa wepesi wa vidole, na wale wanaoshinda mbele yako ni watu wake. Ndege haina vidole. Kila mzunguko unaweza kuhakikiwa, asilimia 97 imetajwa kwenye kanuni, na asilimia 3 ni bei inayokaribiana na ruleti ya Monte Carlo. Mtu mzima anayelipa kwa hiari bei iliyoandikwa amedhulumiwa nini? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Mchezo uliotengenezwa kwa uaminifu hauibi, na wanaosema kwamba kampuni inaiangusha ndege ikiona madau makubwa wanakosea adui. Lakini tazama uhakiki unathibitisha nini. Unathibitisha kwamba namba haikuchezewa. Hausemi neno juu ya kitufe, wala juu ya mtu kudhani kwamba alikosea sekunde. Katika pata potea aliyeliwa anajua kwamba ameibiwa, na kesho humwepuka yule bwana. Katika ndege aliyeliwa ana ushahidi wa kihisabati kwamba hakuibiwa. Anabaki na mshukiwa mmoja tu, ambaye ni kidole chake, na kidole kinaweza kurekebishwa kesho. Uaminifu wa mashine, jambo jema kwa lenyewe, umeifunga njia ya mwisho ya mchezaji kuilaumu meza.

Hata ile asilimia 97 husikika vibaya masikioni. Mtu huielewa kana kwamba akiingia na shilingi 1,000 atatoka na 970, na kwa burudani ya jioni nzima hiyo si bei mbaya. Lakini asilimia 3 hukatwa kwa kila dau, na madau hurudi mezani. Gurudumu la ruleti lenye watu wengi huzunguka kama mara 40 kwa saa. Mchezo wa kuanguka, ukijumlisha muda wa safari na zile sekunde chache za kuweka dau, unaweza kuzunguka mara 150 kwa saa. Anayeweka shilingi 50 kila mzunguko kwenye ruleti amepitisha mezani shilingi 2,000 kwa saa, na bei yake kwa wastani ni 54. Anayeweka 50 kwenye ndege amepitisha 7,500, na bei yake ni 225. François Blanc angeelewa mara moja: asilimia inabaki ndogo, na kinachozidishwa ni idadi ya mara inapokatwa.

Pingamizi la pili ni la wachezaji wenyewe, na ni gumu zaidi kulijibu kwa sababu nusu yake ni kweli. Kitufe, wanasema, si pambo kama kile cha mashine za Quebec. Kinabadili matokeo kabisa. Anayetoa kwenye 1.10 hushinda mara nyingi, anayesubiri 50 hushinda kwa nadra. Ni kweli, na ndiyo maana mchezo wa ndege ni mwerevu kuliko vitangulizi vyake: mamlaka uliyopewa ni ya kweli. Lakini ni mamlaka ya kuchagua umbo la hasara. Chukua yule mwenye nidhamu anayeweka shilingi 100 na kutoa kwenye 1.10 kila mara. Atashinda mizunguko 88 kati ya 100, kila mmoja shilingi 10, jumla kama 882. Ile 12 hivi inayobaki itamchukulia 1,182. Amebakiwa na upungufu wa 300, sawasawa na asilimia 3 ya shilingi 10,000 alizopitisha, sawasawa na mwenzake mzembe aliyekuwa akiwinda 50. Tofauti yao ni kwamba mwenye nidhamu amejiona akishinda mara 88, na kila moja ya hizo imemfundisha kwamba njia yake inafanya kazi.

Halafu kuna mbinu ya kuongeza dau maradufu kila unapoliwa, ambayo Casanova aliitumia Venice mwaka 1754 hadi mfuko ukaisha, na ambayo kila kizazi huigundua upya. Anza na shilingi 20, lenga 2.00, ukiliwa weka 40, kisha 80. Baada ya kuliwa mara 10 mfululizo umeshatoa shilingi 20,460 ili upate faida ya 20. Nafasi ya kuliwa mara 10 mfululizo ni kama moja kati ya 760, na hilo humfariji mtu hadi akumbuke kasi. Kwa mizunguko 150 kwa saa, mfululizo wa namna hiyo unatarajiwa kama mara moja kila saa kumi na kitu za kucheza. Casanova alikuwa na meza ya usiku mmoja. Mwenye simu ana meza isiyofungwa, na kampuni inayoweka kikomo cha dau na cha malipo, kwa sababu wao walimsoma Bernoulli kwa makini: hawawezi kuahidi zawadi isiyo na mwisho kutoka kwenye kasha lenye mwisho.

Afrika Mashariki haikuwa shamba tupu mchezo huu ulipofika. Kenya ilikuwa na sheria ya kubeti, bahati nasibu na michezo tangu 1966, Tanzania ilitunga yake ya sasa ya michezo ya kubahatisha mwaka 2003, Uganda 2016. Kilichobadilisha hali zaidi ya sheria yoyote ni M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kuondoa kizuizi kimoja cha kale kabisa cha kamari, nacho ni kwamba ili uliwe ilibidi utoke nyumbani na fedha mfukoni. Kufikia 2014 kubeti mpira kwa simu kulikuwa kumeanza kushika kasi Nairobi, na mkeka, yaani orodha ya mechi alizobetia mtu, ukawa jambo la kila kijiwe. Na mkeka, tuseme wazi, una chembe ya ujuzi: anayejua kwamba mshambuliaji ameumia, au kwamba kocha atapumzisha wachezaji kwa ajili ya mechi ya Ulaya, anajua kitu kinachohusu matokeo. Kwa wengi ujuzi huo hautoshi kuishinda bei, ila upo. Ndege iliingia kwenye tovuti zilezile, ikatumia pochi zilezile, ikakaa hatua moja tu kutoka kwenye ligi ya Uingereza, na hivyo ikarithi lugha ya mkeka bila kurithi chembe yake. Watu huzungumzia kuisoma ndege kama wanavyozungumzia kuisoma timu. Kioo chenyewe huwasaidia: juu kuna safu ya namba za mizunguko iliyopita, kizazi kipya cha zile kadi za Monte Carlo, na pembeni kuna orodha ya wenzako na kiasi walichotoa. Aliyetoa kwenye 40 unamwona. Naye aliyeliwa yumo kwenye orodha ileile, ila hakuna kinachowaka kwenye mstari wake.

Katika pengo hilo kati ya mamlaka inayoonekana na bei isiyobadilika imeota biashara nyingine. Kwenye vikundi vya Telegram na WhatsApp huuzwa programu na ishara za kutabiri ndege itaanguka wapi. Muuzaji wa utabiri huo ni mrithi wa wale waliouza vijitabu vya mbinu za ruleti Ulaya, na anauza kitu ambacho mnyororo wa alama za siri ulibuniwa mahususi kukizuia. Lakini soko lake halitokani na ujinga wa wateja. Mchezo umewaambia kwa kila mzunguko kwamba kuna sekunde sahihi, na kwamba jana waliikosa kwa nukta mbili. Anayejitokeza kuuza sekunde hiyo anajibu swali ambalo si yeye aliyeliuliza.

Serikali zimekuwa zikiikabili kamari ya simu kwa kushika zile sehemu zinazoshikika. Julai 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti. Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Na Agosti mwaka huohuo ikapata sheria mpya ya kudhibiti kamari badala ya ile ya 1966. Uingereza imekwenda karibu zaidi na mchezo wenyewe. Tangu 31 Oktoba 2021 mashine za mtandaoni haziruhusiwi kuzunguka kwa chini ya sekunde 2.5, wala kuwa na vipengele vinavyompa mchezaji hisia ya uongo kwamba anatawala matokeo, na Januari 2025 kikomo cha sekunde 5 kikawekwa kwa michezo mingine ya kasino mtandaoni. Kanuni ya hisia ya uongo iliandikwa kwa ajili ya mashine, na ndege ingeweza kujitetea mbele yake kwa kusema kwamba kitufe chake hakidanganyi. Ile ya sekunde haijali kitufe kinasema nini. Inahesabu tu mara ngapi bei inakatwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kushika.

Kodi inaonyesha tofauti hiyo kwa namba. Kuanzia Julai 2025 Kenya iliacha kutoza asilimia 15 ya kila dau, ikaanza kutoza asilimia 5 ya fedha zinazoingizwa kwenye pochi ya kubeti. Asilimia 15 kwa kila dau ilikuwa mara tano ya bei ya mchezo wenyewe. Asilimia 5 mlangoni inaonekana bado kubwa kuliko 3, lakini hukatwa mara moja. Anayeingiza shilingi 1,000 analipa 50 na kubaki na 950. Kwa madau ya 50, mizunguko 19 inatosha kuzipitisha zote mezani, kazi ya dakika saba au nane, na akiendelea na zinazorudi hadi saa itimie, zile 225 za wastani zitakuwa zimekwenda. Shilingi 50 za serikali zina kifungu cha sheria na mtu anaweza kuzilalamikia kwa mbunge wake. Hizo 225 hazina risiti, na ukimuuliza mchezaji zimekwendaje, atakutajia mizunguko ambayo alichelewa kutoa.